Ubeti wa Kivukoni

Waalimu kadha wa kadha wametuuliza jinsi shairi linavyopimwa. Basi tumetunga ubeti mmoja, wa mtu aliyekwama kivukoni hapa Ifakara wakati wa masika, kabla ya daraja la Mto Kilombero kufunguliwa mwaka 2018:

Mto umejaa maji, kivuko hakijafika,
Kule ng'ambo ni kijiji, mama anahangaika,
Hana wa kumpa uji, na moto umezimika,
Nimeketi, sili, siji, kivuko hakijafika.

Kila mstari una mizani 16, nane katika kila kipande. Hesabuni kwa sauti, wala si kwa macho: m-to-u-me-ja-a-ma-ji. Wengi hujikwaa katika "mto", wakidhani ni mizani moja; lakini ile m husimama peke yake, basi huhesabiwa. Vivyo hivyo "kumpa" ni tatu. Bali "ng'ambo" ni mbili tu, kwa maana m na b huenda pamoja. Vina ni -ji katikati na -ka mwishoni. Kanuni za namna hii Amri Abedi alizieleza katika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu cha mwaka 1954.

Lililo gumu zaidi ni hali ya moyo. Sisi wenyewe kwa miaka mingi tuliwapa watoto alama kwa mizani na vina, kisha tukafunga daftari. Tulikosa. Juzi tulipousoma ubeti huu darasani, kijana mmoja alihesabu vema kabisa, kisha akauliza, "Mwalimu, mbona hakupita darajani?" Hajapata kungoja kivuko maisha yake. Tukamwambia ausome tena polepole, atue penye kila mkato.

Tazameni neno "siji". Aliye ukingo huu angesema "siendi"; huyu asema "siji", kana kwamba mamaye yu mbele yake naye amjibu. Mwili uko Ifakara, moyo umekwisha vuka. Neno "huzuni" halimo popote. Tena yale maneno mafupi, sili, siji, hukata pumzi; ndipo kivuko kile kile cha mstari wa kwanza chatajwa tena, nacho bado hakijafika.

Kijana alipomaliza mara ya pili, hakutaja daraja. Aliuliza, "Je, yule mama alipata uji usiku ule?"