Shehena ya Msafiri wa Ngorongoro

Mtu anayeazimu kwa mara ya kwanza kwenda na gari lake kulala hemani katika kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, yampasa afahamu kwamba mahali hapo, palipoinuka kwa kadiri ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku haina huruma. Kwa hiyo mablanketi mazito, sweta na godoro la kuutenga mwili na ardhi ni aula kuliko viti na meza. Vyakula na sabuni za manukato visilazwe hemani, bali vifungiwe garini, kwani fisi hufuata harufu. Hema, nalo, lipakiwe mwisho, ili magharibi ikikaribia liwe la kwanza kushushwa.