Uniti moja, madumu 50: hesabu ya maji ya kiangazi Igoma

Kuanzia Juni, ukiamka mapema Igoma, jijini Mwanza, utasikia madumu matupu yakigongana kwenye mkokoteni. Koki ikiwa imekauka tangu juzi, mwenye mkokoteni anataja bei yake na wewe unatoa ndoo nje. Nani abishane na muuza maji wakati watoto wanasubiri kuoga waende shule?

Ziwa Victoria halijapungukiwa maji. Shida ni safari. Maji huvutwa kwa pampu, hutibiwa, hupandishwa kwenye matangi yaliyo vilimani, kisha ndipo yateremke kwenye mabomba ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Mtambo wa Butimba, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, umekuja kuusaidia ule wa zamani wa Capri Point. Hata hivyo, umeme ukikatika, bomba likipasuka, au nyumba yako ikiwa mwinukoni mwishoni mwa laini, utakaa siku mbili tatu bila tone. Swali la mwenye nyumba na mpangaji ni moja: pesa kidogo iliyopo inunue nini kwanza?

Anza kwa kugeuza dumu kuwa uniti

Bili ya maji huhesabiwa kwa uniti, na uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Chukua bei ya dumu mtaani kwako uizidishe kwa 50:

- dumu kwa shilingi 100, uniti ni shilingi 5,000;
- dumu kwa shilingi 200, uniti ni shilingi 10,000;
- dumu kwa shilingi 500, uniti ni shilingi 25,000.

Sasa chukua bili yako ya mwisho, tazama uniti moja imetozwa kiasi gani, ulinganishe. Anayenunua kwa jirani au kwa mkokoteni hulipia pia miguu ya msukumaji na shida ya siku hiyo. Kwa hiyo maji ya bei nafuu kuliko yote ni yale ya bomba uliyoyakinga jana yalipokuwa yanatoka. Ukinunua chombo cha kuhifadhia, unanunua siku za kutomsubiri mwenye mkokoteni.

Siku ngapi, kwa shilingi ngapi?

Tuchukue familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 40 kwa siku kwa kuoga, kupika, kufua, vyombo na choo. Hizo ni lita 200, madumu 10. Kwa matumizi hayo:

- pipa la plastiki la lita 200 linakupa siku moja;
- mapipa matatu, siku tatu;
- simtanki la lita 1,000, siku tano.

Simtanki linavutia, lakini lipigie hesabu kwanza. Tuseme, kwa mfano tu, tangi pamoja na jukwaa lake, koki na fundi bomba vinakula shilingi 300,000. Tuseme pia maji hukatika siku nane kwa mwezi, dumu ni shilingi 200 na uniti ya bomba ni shilingi 2,000. Katika siku hizo nane ungenunua madumu 80, shilingi 16,000. Maji yaleyale kutoka bombani yangekugharimu shilingi 3,200. Umeokoa shilingi 12,800 kwa mwezi.

Kama kukatika huko ni kwa miezi minne ya kiangazi tu, utarudisha pesa yako baada ya karibu miaka sita. Maji yakikatika hivyo mwaka mzima, ni miaka miwili. Dumu likifika shilingi 500, unaokoa shilingi 36,800 kwa mwezi, na miezi tisa haiishi kabla tangi halijajilipa. Weka bei za mtaani kwako kwenye hesabu hiyo kabla ya kwenda dukani.

Mpangaji atazame jambo jingine: atahamaje nalo? Pipa linapanda kwenye guta siku ya kuhama. Simtanki lililofungwa kwenye mabomba ya mwenye nyumba ni chanzo cha mzozo, hasa pale wapangaji wanapotumia mita moja na bili inagawanywa kwa vyumba. Andikianeni kabla ya kununua. Na jukwaa lisifanyiwe ubahili: lita 1,000 zina uzito wa tani moja, na tani moja haikai juu ya mbao za kubahatisha. Asiye na pesa ya mnara aliweke tangi chini, kwenye zege na kozi mbili tatu za tofali, mradi ndoo iingie chini ya koki.

Gata: nzuri, lakini si dawa ya Julai

Bati likipokea mvua ya milimita moja, kila mita ya mraba inakupa lita moja. Paa la mita 8 kwa 10, mvua ikinyesha milimita 20, hushusha lita 1,600. Toa kama moja ya tano kwa yanayoruka na kuvuja, zinabaki karibu lita 1,280, madumu 64 kwa mvua moja. Gata na vishikizo vyake vinaweza kujilipa wakati wa masika na vuli.

Tatizo ni kuyafikisha maji hayo kiangazini. Juni hadi Agosti ni siku 92. Kwa lita 200 kwa siku unahitaji lita 18,400 zimekaa mahali. Simtanki moja lililojaa mwishoni mwa Mei linakwisha kabla Juni haijafika tarehe kumi. Tangi kubwa la zege lenye ujazo huo linamfaa mwenye nyumba mwenye wapangaji wengi na mpango wa miaka mingi. Mpangaji wa chumba na sebule hana haja nalo. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachie ipite: imeosha vumbi na mavi ya ndege.

Choo ndicho kinachomaliza tangi

Nyumbani kwangu niliamua kuhesabu ndoo. Choo chetu ni cha kumwagia. Kila anayeingia humwaga kopo la lita tatu. Watu watano, mara nne kwa siku, ni lita 60. Madumu matatu ya maji yaliyotibiwa, pengine yamesukumwa kwa mkokoteni kutoka mbali, yanaishia shimoni.

Tuliweka ndoo yenye mfuniko kando ya mlango wa choo. Soksi na mashati ya shule, ambayo hufuliwa kila jioni, maji yake ya kusuuza yanaingia humo, pamoja na maji ya beseni la mtoto na ya kuoshea mchicha. Hatufikishi lita 60 kila siku, lakini 40 zinapatikana bila kujitesa. Matumizi yameshuka kutoka lita 200 hadi 160. Mapipa matatu, yaliyokuwa ya siku tatu, sasa yanakaribia siku nne. Simtanki lingepita siku sita.

Masharti ni machache. Maji yenye mafuta ya sufuria usiyahifadhi, yananuka haraka. Ya sabuni yatumie siku hiyohiyo, chooni au kudekia. Ya kusuuza yanaweza kwenda kwenye mgomba, ila usimwagilie mboga za kachumbari yako.

Kagua na koki. Tega kopo chini ya ile inayodondosha: ukipata lita moja kwa saa, unapoteza lita 24 kwa siku, zaidi ya dumu zima. Washa moja ya koki haizidi bei ya soda, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Yakikaa, yalindwe

Pipa lisilo na mfuniko ni kitalu cha mbu, wakiwemo wanaoeneza dengi. Lifunike, lisafishe likiisha, na mtoto asichote kwa kikombe alichonywea. Maji ya kunywa yachemshe au yatie dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti, kisha yaweke kwenye chombo chake chenye koki. Maji yaliyochotwa moja kwa moja ziwani yana hatari ya kichocho hata kwa kuogea.

Ukiwa na pesa ya kugawa

Mpangaji: washa ya koki, ndoo ya choo yenye mfuniko, kisha mapipa mawili au matatu. Simtanki lije baada ya hapo, kama hesabu ya siku na bei ya dumu imekubali. Mwenye nyumba: anza na simtanki na jukwaa imara, kisha gata, na mwisho tangi la zege. Wote wawili, jioni ya leo kabla ya kuuliza bei dukani, simameni mlangoni pa choo mhesabu makopo.