Binti Aliyefunga Siku Zote Thelathini

Kila Ramadhani inapomalizika, majumbani mwetu huanza hesabu ambayo haitangazwi msikitini. Ni hesabu ya siku za kulipa. Mama, mabinti na wake wa wana huulizana kwa sauti ya chini nani ana deni la siku sita na nani la siku saba, na nani atatanguliza kulipa kabla ya kufunga sita ya Shawwal. Katika nyumba nyingine, kuanzia vichochoro vya Mji wa Kale hadi huku Shimanzi kwenye maghala na matangi ya mafuta, hutajwa kwa fahari binti asiye na deni hata la siku moja. Amefunga zote thelathini, na mwaka jana alifunga zote, na mwaka juzi pia. Hupongezwa, na pengine hununuliwa dera jipya la Idi.

Kabla ya dera, tungependa mama amwulize binti huyo siku zake ziko wapi.

Mwezi wetu wa Kiislamu una siku 29 au 30. Mwanamke ambaye ada yake imetulia huona siku zake kila baada ya siku 21 hadi 35, kwa hiyo Ramadhani moja yaweza kumpita bila damu na lisiwe jambo la kushangaza. Zikimpita tatu mfululizo, na akiulizwa akasema kwamba hata miezi mingine ya mwaka huona mara nne au tano tu, basi mwili unaeleza jambo linalohitaji kusikilizwa. Na huyu ni msichana asiyeshika mimba wala asiyenyonyesha.

Miongoni mwa sababu za kawaida kabisa za hali hii ni ule ugonjwa wa homoni ambao madaktari wetu huuita PCOS, nao ni ugonjwa wa wengi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa takriban mwanamke mmoja katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa anao, na kwamba walio wengi, hata kufikia 70 kwa mia, hawajui kama wanao. Tukitazama ukumbi wa harusi uliojaa wanawake mia mbili, tunaweza kukisia wangapi humo wanaificha siri hii chini ya buibui, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Jina lenyewe limewatia watu hofu isiyo na msingi, kwa kuwa husikika kama habari ya uvimbe. Katika ovari za mwanamke mzima, kila mwezi vijifuko kadhaa vyenye mayai huanza kukua, kisha kimoja hutangulia wenzake, hupevuka na kulitoa yai. Kwa mwenye PCOS vijifuko huanza safari hiyo vikasimama njiani. Hubaki vimejipanga pembeni mwa ovari kama shanga, na hizo ndizo duara ndogo zionekanazo katika picha ya ultrasaundi. Si saratani, wala si uvimbe wa kukatwa. Wapo hata wenye ugonjwa huu ambao picha yao haina shanga hizo, na wapo wenye shanga ambao ni wazima kabisa.

Kinachovisimamisha vijifuko njiani, kwa wanawake wengi, huanzia mbali na tumbo la uzazi. Kongosho hutoa insulini, homoni inayoiondoa sukari katika damu na kuiingiza mwilini itumike. Mwili ukiwa mzito kuiitikia, kongosho huzidisha insulini ili kazi ifanyike. Insulini hiyo nyingi hufika kwenye ovari na kuzichochea zitengeneze androjeni kupita kiasi. Androjeni ni homoni ambazo kila mwanamke anazo kwa uchache na wanaume wanazo kwa wingi. Zikizidi kwa mwanamke, yai halipevuki, chunusi huendelea hata baada ya ujana, nywele huota kidevuni na kifuani, na za utosini hupungua. Yote haya huweza kumpata hata mwembamba, ingawa unene huyazidisha. Nyumba yenye historia ya sukari, na ni nyumba ngapi hapa Mombasa zisizo nayo, ina sababu zaidi ya kuangalia.

Iko dalili moja ambayo kina mama huiona kila siku na kuitafsiri vibaya. Ni weusi wa shingoni na kwapani, ulio mzito na laini kama mahameli. Binti husuguliwa kwa dodoki, hupakwa liwa, huambiwa hajui kuoga. Weusi ule mara nyingi ni alama ya insulini iliyozidi, na dodoki haiwezi kuuondoa. Kumsimanga msichana kwa uchafu asiokuwa nao ni dhuluma, hata ikifanywa kwa mapenzi.

Madaktari nao walichukua muda kuuelewa ugonjwa huu. Mwaka 1721 tabibu wa Italia, Antonio Vallisneri, alieleza habari za mwanamke kijana wa shamba aliyekuwa mnene na asiyezaa, ambaye ovari zake zilikuwa nyeupe na zenye kung'aa kama mayai ya njiwa. Mwaka 1935 Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago wakaandika juu ya wanawake saba, na kwa miaka mingi ugonjwa ukaitwa kwa majina yao. Kipimo kinachotumika sasa kinatokana na mkutano wa wataalamu uliofanyika Rotterdam mwaka 2003: hutazamwa kwamba siku hazina mpango, kwamba dalili za androjeni zipo mwilini au katika damu, na kwamba ovari zina vijifuko vingi. Mawili kati ya hayo matatu yakithibitika, na magonjwa mengine kama yale ya tezi ya shingo yakaondolewa shaka, jina hutolewa.

Kwa msichana ambaye hajatimiza miaka minane tangu avunje ungo, picha ya ovari haitumiki kuamua, kwa kuwa ovari za ujana huwa na vijifuko vingi kwa kawaida. Tunalisisitiza hili kwa sababu tunajua mama wengi huahirisha safari ya hospitali kwa kuhofia kipimo cha ndani kwa binti ambaye hajaolewa. Kinachohitajika kwake ni maswali, kuangaliwa ngozi na nywele, kupimwa uzito na shinikizo la damu, na kutolewa damu. Ikitakikana picha kwa sababu nyingine, hupigwa juu ya tumbo. Aidha, mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo siku huweza kuyumba bila ya kuwa na ugonjwa.

Madhara ya kunyamaza ni makubwa. Mwanamke asipotoa yai, utando wa ndani ya kizazi huendelea kujengeka bila kubomoka. Zikipita siku zaidi ya 90 bila damu, na hali hiyo ikawa ndiyo desturi, utando huwa mnene mno, na kwa muda wa miaka waweza kugeuka saratani ya kizazi. Kisukari humwahi mapema, na sukari ya ujauzito humpata zaidi ya wenzake. Huzuni na wasiwasi navyo vimo katika ugonjwa wenyewe, mbali na maneno ya watu.

Utando ule mnene ukibomoka hatimaye, damu huja kama mafuriko na kukaa wiki tatu au zaidi. Hapo mwanamke huingia katika mashaka ya ibada. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na wengi katika mwambao huu, hedhi ndefu kabisa ni siku 15, na twahara fupi kabisa baina ya hedhi mbili ni siku 15. Damu ikivuka hapo, huingia hukumu ya istihadha. Mwenye istihadha haachi swala wala saumu: hujisafisha, hujifunga vyema, na hutia udhu kwa kila faradhi baada ya wakati wake kuingia. Jambo hili liliulizwa zamani. Fatima binti Abi Hubaysh alimwendea Mtume (s.a.w.) akilalamika kuwa damu haimkatiki, naye akaambiwa kwamba ile ni damu ya mshipa, na aache swala kwa kadiri ya siku alizozizoea. Hukumu hiyo humtaka mwanamke azijue siku zake kwa idadi, na idadi hiyo hiyo ndiyo ya kwanza kuulizwa na daktari. Wenzetu wengi duniani hufundishwa kuhesabu baada ya kuugua. Sisi hufundishwa na somo siku ile ile ya kwanza.

Matibabu huanzia jikoni, na hapa tunasema kwa tahadhari, kwani hatutaki kumwambia mtu wa Mombasa aache mahamri. Lakini chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu, mahamri manne asubuhi, wali mchana, na jioni viazi vya karai na soda, ni sukari inayoingia tangu alfajiri hadi usiku bila kongosho kupumzika. Futari zetu zenye kaimati za shira na tambi za sukari katika meza moja zinazidisha. Mbaazi, kunde, pojo, mchicha, samaki wa kupaka na sahani ya wali iliyopunguzwa nusu ni vyakula vyetu vile vile. Kwa aliye mnene, kupungua hata sehemu 5 katika 100 ya uzito huweza kuzirejesha siku. Mwendo pia ni dawa, ijapokuwa mwanamke wa Shimanzi atatuuliza atembee wapi baina ya malori. Wengine hushuka jioni Mama Ngina pamoja na dada zao, wengine hupanda na kushuka ngazi za ghorofa. Yote yanafaa.

Chakula kisipotosha, daktari huweza kutoa metformini, ile ile ya wenye kisukari, ambayo saa zake hupangwa upya kwa ajili ya Ramadhani. Kwa kuuponya utando na kutuliza androjeni, hutolewa tembe za homoni, na hizi ndizo zileta ugomvi, kwa kuwa ni tembe za kupanga uzazi. Mama huziona mkobani mwa binti na nyumba huwaka moto. Tunaomba ijulikane kwamba binti aliyeandikiwa tembe hizo kwa PCOS amepewa dawa ya kulinda kizazi chake, na hazina habari yoyote ya mwenendo wake. Habbat soda na mdalasini hatuwakatazi watu, ila visichukue nafasi ya kipimo. Ama nywele za kidevuni, asitiwe mtu hofu ya dhambi: Imam Nawawi ameeleza kwamba mwanamke aliyeota ndevu inapendeza aziondoe.

Limebaki la ndoa. Mwaka wa pili ukipita bila mtoto, mavyaa huanza kuuliza, mawifi hunong'ona, na neno tasa hutamkwa kabla ya mtu yeyote kupimwa. Wengi wa wenye PCOS huzaa, baadhi bila msaada na wengine kwa tembe kama letrozoli, inywewayo siku tano mwanzoni mwa mzunguko ili yai lipevuke. Na mume apimwe wakati mmoja na mke, kwani kipimo chake ni chepesi kuliko chake yeye. Tumeona talaka zikitolewa, na wake wa pili wakiletwa, kwa ajili ya hali ambayo kliniki ingeishughulikia. Talaka ikishatoka huja fundo jingine: eda ya mwenye kuona siku huhesabiwa kwa twahara tatu, na mwenye PCOS huenda asizione kwa miezi mitano. Asijihesabie miezi mitatu kwa kukisia, kwa kuwa hesabu hiyo si ya kwake aliye kijana na ambaye hedhi haijamkoma. Achukue barua ya daktari aende Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeipa mamlaka juu ya ndoa na talaka zetu.

Kwa binti wa thelathini kamili, safari si ndefu. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wazee bado huiita Makadara, iko kisiwani humu humu, na kliniki nyingi za mitaani huweza kuanza vipimo na kumwelekeza. Aende na daftari lenye tarehe za damu ilipoanza na ilipokatika kwa miezi sita au zaidi, zimeandikwa za Kiislamu na za kizungu. Aombe kupimwa sukari kwa kunywa glukosi, si kwa kidole tu, na arudie kipimo hicho kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Mama amsindikize, kisha baada ya salamu atoke nje kidogo, ili binti apate kumwambia daktari yale asiyoweza kuyasema mbele ya mamake.