Mkia wa trela si mahali pa baiskeli

Aliyetuokoa ni mama mmoja ambaye hadi leo sijui jina lake. Alikuwa abiria katika gari dogo la buluu lililotupita kwenye mteremko wa kuelekea mto Missouri, karibu na mji wa Chamberlain, jimbo la South Dakota, Marekani. Gari lao lilipofika sambamba nasi alishusha kioo, akaelekeza kidole nyuma yetu. Mpwa wangu, aliyekuwa kwenye usukani, alidhani tunasalimiwa, akampungia mkono. Yule mama akatikisa kichwa kwa nguvu, kisha akafanya kwa mikono miwili kama mtu avunjaye kijiti. Hapo ndipo tulipoelewa.

Tuliposimama kando ya barabara na kuzunguka nyuma, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema neno. Bampa ya trela ilikuwa imepinda na upande mmoja umekwisha kuachana na fremu. Kibebeo cha baiskeli kilining'inia kwa ukanda mmoja tu, na magurudumu ya baiskeli ya mpwa wangu yalikuwa yamesagwa na lami hadi mpira ukanuka. Baiskeli zilipaswa kuwa nne. Tulihesabu tatu. Ile nyekundu ya kitinda mimba, mtoto wa miaka minane, haikuwapo.

Mtoto alianza kulia. Mama yake hakumtazama. Aliitazama barabara tuliyotoka, magari yakija kwa mfululizo, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Imemwangukia nani?"

Msomaji ataniwia radhi nikirudi nyuma kidogo. Nilikuwa nimemtembelea mpwa wangu huyo, mtoto wa dada yangu mkubwa, anayeishi na mkewe na watoto wawili katika jimbo la Minnesota, ambako Wakenya ni wengi. Kama familia nyingi za huko, walikuwa wamenunua trela la safari. Si trela la kubebea mahindi. Hili ni nyumba hasa: lina vitanda, jiko la gesi, friji na choo, nalo hukokotwa na pikapu. Watu huliegesha katika kambi, wakapika, wakalala na kuamka mahali papya. Safari yetu ilikuwa ya kwenda milima ya Black Hills, ambako kuna njia ya baiskeli iitwayo George S. Mickelson. Njia hiyo ni ya kilomita 175 hivi, kutoka Deadwood hadi Edgemont, nayo imepita mahali palipokuwa na reli ya zamani. Watoto walikuwa wakiizungumzia tangu majira ya baridi. Kutoka kwao hadi huko ni kilomita 900 na ushei, karibu mara mbili ya Nairobi hadi Mombasa, na baiskeli haiendi yenyewe.

Nyuma ya pikapu palikuwa pamejaa: jenereta, viti vya kukunja, meko ya kuchomea nyama, masanduku ya barafu. Basi mpwa wangu alichukua kibebeo alichokuwa akitumia kwenye gari lake dogo, akakifunga kwa boliti kwenye bampa ya nyuma ya trela, akapanga baiskeli zote nne na kuzikaza kwa kanda. Kwa macho, kazi ilipendeza. Jirani alikuja hata akaisifu.

Mimi sikuisifu, lakini pia sikusema kitu. Hilo ndilo linaloniuma. Katika ujana wangu nilisukuma mkokoteni Marikiti ya Nairobi kwa karibu mwaka mzima, na nilipoona mzigo ule umetundikwa mwisho kabisa, mikono yangu ilijua jambo ambalo mdomo ulisita kulisema. Nilijiambia kuwa mimi ni mgeni, nchi ni ya watu, na kijana amesoma kuniliko.

Somo la mkokoteni

Aliyewahi kusukuma mkokoteni hahitaji kufundishwa jambo hili. Ukipanga magunia ya viazi vizuri juu ya ekseli, na kuegemeza uzito kidogo tu upande wa mbele, mikono ya mkokoteni hutulia viganjani nawe huenda. Ukiweka gunia moja nyuma kabisa, mikono hiyo huinuka. Huyo hamali mwembamba anaweza kunyanyuliwa juu miguu ikaelea, watu sokoni wakacheka. Gunia ni lile lile. Lililobadilika ni umbali wake kutoka kwa ekseli.

Trela nalo lina mikono yake. Ni ile ndoano ya pikapu inayolishika kwa mbele. Huko Marekani kanuni ya mafundi ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela lililopakiwa iilalie ndoano. (Waingereza, ambao matrela yao ni mepesi na hukokotwa na magari madogo, hutaja asilimia 5 hadi 7.) Uzito huo ukipungua mno, trela huanza kutikisa mkia kama mbwa aliyemwona mwenyewe, na mkia wa tani mbili na nusu unaweza kulipeleka gari mtaroni.

Usiku ule kambini nilichukua kalamu na karatasi nikamfanyia mpwa wangu hesabu. Trela lake lilikuwa na kilo 2,500 hivi, na kilo 300 zikiilalia ndoano, yaani asilimia 12. Hapo lilikuwa salama. Kutoka ndoano hadi katikati ya ekseli ni mita 4.5. Kutoka ekseli hadi zilipokuwa baiskeli ni mita 3.6. Baiskeli nne pamoja na kibebeo ni kilo 80. Kilo hizo 80 zilizoning'inia nyuma huinua kilo 64 kutoka kwenye ndoano. Zinabaki 236, huku uzito wa trela zima ukiwa umepanda hadi 2,580. Hiyo ni asilimia 9 na kidogo. Baiskeli za watoto zilitosha kulitoa trela katika usalama na kulitia katika bahati nasibu.

Alinyamaza, kisha akasema, "Mjomba, kumbe ndiyo sababu kule Sioux Falls lilicheza."

Kweli lilicheza. Lori kubwa lilitupita, upepo wake ukatusukuma, na mkia ukaenda kulia, ukaja kushoto, ukaenda tena. Namsifu kwa alivyofanya: hakukanyaga breki za gari kwa hofu wala hakupigana na usukani. Aliachilia mafuta, akaushika usukani sawa, akabonyeza kile kidude kilicho ndani ya pikapu kinachokamata breki za trela peke yake. Likanyooka. Sote tukaulaumu upepo wa nchi ile tambarare, ambao kweli ni mkali, tukaendelea na hadithi.

Wazo linalomjia mtu haraka ni kusawazisha kwa kutia mzigo mwingine mbele. Mpwa wangu alilitaja. Ni kweli ndoano itapata uzito wake tena, lakini sasa una mizigo miwili mizito katika ncha mbili, na chombo cha namna hiyo kikianza kuyumba ni vigumu zaidi kukizuia. Dawa ni kuleta vitu vizito karibu na ekseli, na kuufanya mkia uwe mwepesi.

Trela lililosawazika halina makuu. Mwaka 1947 kampuni ya Airstream ya Marekani ilipiga picha ya mwendesha baiskeli Mfaransa, Alfred Letourneur, akilivuta trela lao kwa baiskeli. Ilikuwa picha ya kujitangaza, ndiyo, na Letourneur hakuwa mtu wa kawaida: mwaka 1941 alikuwa amekimbia zaidi ya kilomita 170 kwa saa kwenye baiskeli, nyuma ya gari lililomkinga upepo. Hata hivyo nilipenda kuwaza kwamba kuna siku baiskeli ililikokota trela, badala ya kulivunja mgongo.

Bampa ya kubebea bomba la choo

Hesabu ya uzani haikuwa kosa letu la pekee. Kosa la pili lilikuwa kuiamini bampa kwa sababu inaitwa bampa.

Katika matrela mengi ya aina hii, kitu hicho ni bomba la pembe nne la chuma chembamba, upana wa sentimita 10 hivi, lililochomelewa kwenye ncha za fremu. Kazi yake kubwa, na hapa sifanyi mzaha, ni kuhifadhi ndani yake mpira wa kumwagia maji machafu ya choo. Wengine huning'iniza hapo gurudumu la akiba, na tayari limechoka. Ukiongeza kibebeo chenye mkono mrefu, kila shimo la barabara huwa mkono huo unaikongoa bampa, kama mtu akongoavyo msumari kwa nyundo. Uchomeleaji hauvunjiki siku ya kwanza. Hupata ufa kama unywele, ufa hukua, na siku ukiachia, huachia katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa.

Tena mkia wa trela hurukaruka kuliko nyuma ya gari, kwa kuwa uko mbali na ekseli. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa vibebeo vya magari huandika wazi kwamba visifungwe kwenye trela. Cha mpwa wangu kilikuwa na maandishi hayo. Tuliyasoma pale kando ya barabara, kwenye kibandiko kidogo upande wa ndani, vumbi limekifunika.

Askari wa barabarani alifika baada ya nusu saa hivi, kwa kuwa mpwa wangu alikuwa amepiga simu 911 kueleza kwamba kuna baiskeli imeanguka mahali fulani nyuma yetu. Nakumbuka nusu ile kuliko safari nyingine yote. Mkewe alikaa kwenye ngazi ya trela, amemkumbatia mtoto, na kila king'ora kilipolia mbali aliinua kichwa. Askari aliposhuka hakuanza na kosa letu. Alianza na jibu: baiskeli imeonekana kwenye nyasi katikati ya njia mbili, kilomita sita nyuma, na hakuna aliyeumia. Kisha ndipo akaizunguka trela na kutuonyesha kwamba nambari ya usajili na taa moja ya nyuma vilikuwa vimefunikwa na baiskeli tangu tutoke nyumbani. Hata hilo hatukuwa tumeliona.

Basi zikae wapi?

Sisi tulifanya pale pale kile tulichopaswa kufanya Minnesota. Viti na meko viliingia ndani ya trela, vikalazwa sakafuni juu ya ekseli. Masanduku ya barafu tukayapunguza. Baiskeli zikaingia nyuma ya pikapu, zikasimama, zikafungwa. Kazi yote haikuchukua saa moja.

Asiye na pikapu anaweza kuzifunga juu ya paa la gari linalokokota, akikumbuka urefu wake anapoingia kituo cha mafuta. Au azilaze ndani ya trela juu ya blanketi kuukuu, karibu na ekseli. Wako wanaozifunga mbele ya trela, juu ya mitungi ya gesi. Inawezekana kwa kibebeo maalumu, lakini uzito wote huo huishukia ndoano, na ukikata kona kali usukani wa baiskeli unaweza kugonga mgongo wa gari. Anayetaka nyuma lazima apate fundi wa kumfungia kishikio kwenye fremu yenyewe, si kwenye bampa, ikiwa mtengenezaji wa trela ameruhusu, na kibebeo kilichoundwa kwa ajili ya trela. Hata hivyo apime tena uzito wa ndoano. Siku hizi kuna baiskeli za betri zenye kilo 25 na zaidi kila moja. Mbili tu ni mzigo wa mtu mzima. Betri zitolewe kwanza zisafiri kando.

Huku nyumbani matrela ya kulala si mengi, lakini naona magari yakitoka Nairobi Jumamosi kwenda Hell's Gate, ambako mtu anaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia, baiskeli zikining'inia nyuma. Gari si trela, na kibebeo kizuri huko kina haki yake. Lakini nambari isomeke, taa zionekane, na ukishaenda kilomita chache usimame uzikaze kanda upya, kwani mzigo hujipanga ukiwa njiani. Mwenye kukokota trela la mashua au la mizigo, naye akashawishika kuning'iniza baiskeli mkiani, nimekwisha kumweleza yaliyotupata.

Ile nyekundu tuliirudia. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kama kambare, mengine mazima. Tulinunua rimu nyingine mjini Rapid City, na siku ya tatu kitinda mimba alitutangulia sote kwenye njia ya Mickelson, akipiga kengele katika kila daraja.

Wakati wa kurudi, mke wa mpwa wangu alishuka katika kila kituo cha mafuta na kutikisa kila ukanda kwa mkono wake, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Mpwa wangu alitaka kusema tunachelewa. Akanitazama mimi, akanyamaza.