Majina ya Masimulizi katika Kiswahili, na Maana Yake

Mwalimu asimamaye mbele ya watoto na kusema, "Leo nitawapa hadithi ya Bwana Yesu kufufuka," pengine hatambui uzito wa neno alilolichagua. Katika Biblia ya Union ya mwaka 1952, Mtume Petro anapokana kwamba yeye na wenzake walifuata mambo ya kubuniwa, neno lililotiwa hapo ni hadithi (2 Petro 1:16). Paulo naye anapomwonya Timotheo juu ya mambo ya namna hiyo, neno ni hilo hilo (1 Tim. 1:4, 4:7). Mtoto mwenye akili akikua na kujisomea atauliza: Je, habari ya kaburi tupu ni mojawapo ya hizo? Kwa hiyo twaona yafaa kuyapima majina haya moja moja, kwa kuwa kila jina humwambia msikilizaji ayasadiki maneno yajayo kwa namna gani.

Ngano ni neno la Kibantu. Wakikuyu husema rũgano, Wachewa nthano, na Washona ngano kama sisi. Ndiyo masimulizi ya jioni, ya Sungura na Fisi na mazimwi. Mwenye kusimulia huita, "Paukwa!" nao humjibu, "Pakawa!" Jibu hilo ni mapatano. Waliolitoa wamekubali kuingia mahali ambapo wanyama hunena, wala hapana atakayemwita msimulizi mwongo kwa sababu Sungura amesema. Lakini mwalimu na akumbuke kwamba ngano ni nafaka pia. Afundishapo Mathayo 13, juu ya ngano na magugu, aeleze kwanza kwamba anena juu ya shamba.

Hadithi imetoka katika Kiarabu, katika shina lenye maana ya jambo kutukia na jambo kuzungumzwa. Kwa Waislamu wenye elimu, Hadithi ni maneno na matendo ya Mtume Muhammad, yaliyopokewa mtu kwa mtu na kuchunguzwa sana na wanavyuoni kama Bukhari, aliyefariki mwaka 870. Lakini katika mazungumzo ya kila siku, watu wa pwani huita hadithi kila masimulizi, hata ya zimwi na watoto. Basi neno hili lina ncha mbili: kwa mwanachuoni ni jambo lililopepetwa sana, na kwa mtoto ni mchezo wa usiku. Mwalimu alitumiapo bila kueleza, hajui ni ncha ipi iliyomfikia msikilizaji.

Kisa nalo ni la Kiarabu, na shina lake lina maana ya kufuata nyayo hatua kwa hatua. Katika Kiswahili limepata maana ya sababu pia, kwa maana twasema "kisa na maana". Kisa, basi, husimuliwa ili jambo jingine lipate kufahamika. Mfano mzuri umo katika kitabu cha masimulizi ya Unguja alichokitoa Edward Steere mwaka 1870, kabla hajawa Askofu, nao ni Kisa cha Punda wa Dobi. Kima amechukuliwa baharini na Papa, anayeutaka moyo wake uwe dawa ya sultani. Kima anamdanganya kwamba ameuacha moyo mtini, naye anarudishwa pwani na kuokoka. Papa amwitapo tena, Kima hamtukani, bali humtolea kisa cha punda aliyeponyoka kwa simba, kisha akarudi akauawa. Na punda huyo, asema, hakuwa na moyo wala masikio. Kisa ndicho jibu lake. Masimulizi haya yamesafiri mbali: katika vitabu vya Kihindi adui ni mamba, katika Kalila na Dimna ya Kiarabu ya karne ya 8 ni kasa, na kwetu amekuwa papa.

Hekaya ni masimulizi ya ajabu na ya kufurahisha, na asikiaye hutabasamu kabla ya kusadiki. Hurafa ni neno la kukanusha: alitajaye amekwisha kuhukumu kwamba mambo hayo ni upuzi.

Habari ndilo neno la mambo yaliyotukia. Wazee wa miji ya pwani walipoandika juu ya watawala wao na vita vyao, waliandika Habari za Pate na Habari za Lamu. Na kitabu cha kale cha Kilwa, kilichoandikwa kwa Kiarabu, kina neno hilo katika jina lake. Wafasiri wa Union nao walilitumia Luka anapoanza Injili yake (Luka 1:1). Mifano ya Bwana wetu wameiita mifano, wala hatuoni jina lililo bora.

Lakini asidhani mtu kwamba ngano ni uongo kwa kuwa haikutukia. Yothamu alipotaka kuwaonya watu wa Shekemu, aliwasimulia juu ya miti iliyotafuta mfalme (Waamuzi 9). Miti haikunena, lakini onyo lilikuwa kweli. Nathani naye alimwendea Daudi na kumsimulia juu ya maskini na mwana-kondoo wake (2 Samweli 12). Hakumwambia kwamba ni mfano. Daudi aliyapokea maneno yale kama habari, akatoa hukumu, ndipo alipoambiwa kwamba mtu yule ni yeye. Kama Nathani angalianza kwa kulitaja jina la masimulizi yake, mfalme angalijikinga mapema. Hivyo jina likitajwa lafanya kazi, na likifichwa lafanya kazi nyingine.

Basi twawashauri walimu wenzetu hivi. Mambo ya Injili yaliyotukia tuyaite habari. Waliyofundishwa watu kwa kulinganisha tuyaite mifano. Na masimulizi ya wazee tuyaite ngano, tena tuyaite hivyo kwa heshima. Tusiyafukuze shuleni, wala tusiyakatize kwa mafundisho kabla Sungura hajatoka shimoni, maana kisa kinachofasiriwa mapema hakimfikirishi mtu. Na afundishaye mbali na pwani awaulize wazee majina yao kwanza. Waganda, kwa mfano, hutumia neno moja, olugero, kwa masimulizi na kwa methali pia. Na mwalimu asiyejua hilo atauliza ngano apewe methali, kisha adhani kwamba watu hawana ngano.