Besimenti ya Baridi: Ziba Kwanza, Hita Baadaye

Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ardhi yenyewe huganda. Sheria ya ujenzi ya huko inataka msingi wa nyumba ushuke angalau sentimita 107 upande wa kusini wa jimbo na sentimita 152 upande wa kaskazini, ili barafu isije ikauinua na kuupasua. Kwa kuwa shimo ni lazima, wajenzi huchimba zaidi kidogo na kupata ghorofa nzima chini ya nyumba. Hiyo ndiyo besimenti. Nyingi huachwa bila kumaliziwa: kuta za zege tupu, sakafu ya saruji, mabomba na nyaya zikining'inia juu.

Familia nyingi za Kikongo zinazozungumza Kiswahili, baadhi zikitokea kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, zimepata makazi katika miji yenye baridi kali kama Fargo, Des Moines na Grand Rapids. Kwao besimenti ni nafasi ya kufulia, ya watoto kucheza na ya kuweka mizigo. Januari ikiingia, nafasi hiyo haikaliki, na wazo la kwanza ni kukimbilia dukani kununua hita. Hapo ndipo pesa huanza kupotea.

Baridi haitoki mahali ambapo wengi hudhani. Udongo ulio kina cha sakafu ya besimenti hauna baridi ya kutisha, kwa sababu joto lake hubadilika kidogo tu mwaka mzima. Sehemu mbaya ni ya juu ya ukuta, ile inayochomoza nje ya ardhi na kupigwa na upepo. Juu ya ukuta huo wa zege hulazwa mbao zinazobeba nyumba, na kati ya zege na mbao hubaki nyufa. Hewa ya moto ndani ya nyumba hupanda na kutokea darini. Inapotoka, nyumba huvuta hewa nyingine kuziba pengo, na hewa hiyo huingilia kwenye nyufa hizo za chini.

Kuzitafuta hakuhitaji fundi. Siku ya upepo, mtu awashe kijiti kimoja cha udi na kukipitisha polepole pale mbao zinapokutana na zege, pembezoni mwa madirisha, na kila bomba au waya unapotoboa ukuta. Moshi ukipanda wima, pako salama. Ukilala ghafla kuelekea ndani, ufa umepatikana. Nyufa nyembamba huzibwa kwa silikoni, na zile pana kwa foamu ya kopo inayovimba. Sehemu zinazozunguka bomba la moshi la mtambo wa kupasha nyumba joto zisiguswe na foamu ya kawaida, kwa kuwa huweza kushika moto. Hizo aachiwe fundi.

Kabla ya kufunika ukuta, unyevu nao upimwe. Kipande cha nailoni kibandikwe kwenye zege kwa utepe wa gundi pande zote nne, kiachwe siku mbili. Matone yakionekana chini ya nailoni, maji yanatoka ardhini, na dawa yake ni kusafisha mifereji ya paa na kuyaelekeza maji mbali na msingi. Yakionekana juu yake, ni mvuke wa ndani ya chumba unaogeuka maji kwenye ukuta wa baridi.

Ukuta mkavu ndio unaostahili kuvikwa. Bodi za foamu ngumu, zikigandishwa moja kwa moja kwenye zege, huzuia joto kutoroka na pia mvuke kulifikia zege. Sufi ya kioo ikisukumwa dhidi ya zege hunyonya unyevu na kuota kuvu. Foamu nayo huwaka kwa moshi wenye sumu, kwa hiyo hufunikwa kwa bodi za jipsamu.

Sasa hita inaweza kuzungumziwa. Hita ya umeme ya wati 1,500 hutoa joto lile lile, iwe ya bei ya chini au ya kifahari. Ikiwaka saa nane kwa siku hula uniti 12. Kwa bei ya senti 15 kwa uniti, hiyo ni dola 1.80 kwa siku, au dola 54 kwa siku 30. Ichomekwe kwenye soketi ya ukutani bila ekstensheni, ikae mita moja kutoka nguo, magodoro na pazia, na isichangie laini na kifaa kingine kikubwa. Kwa volti 120 huvuta zaidi ya ampea 12, na laini nyingi za majumbani ni za ampea 15.

Jiko la makaa lisiingizwe ndani kabisa, hata dirisha likiwa wazi. Makaa, jenereta na hita za gesi zisizo na bomba la moshi hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Desemba 2006, dhoruba ilipokata umeme katika eneo la Seattle, mamia ya watu walidhurika na gesi hiyo, wengi wao wahamiaji waliowasha makaa au jenereta ndani, na baadhi walikufa. Gazeti la The Seattle Times lilichapa onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa. Huko Minnesota, sheria inataka king'ora cha gesi hiyo kiwe ndani ya mita tatu za kila chumba cha kulala. Kuna pia radoni, gesi ya mionzi inayopenya kutoka udongoni na kusababisha saratani ya mapafu. Kipimo chake ni cha bei nafuu na kifanyike baada ya nyufa kuzibwa.

Wenye kipato kidogo hawalazimiki kuyabeba yote haya peke yao. Tangu 1976 serikali ya Marekani ina mpango wa kuziba na kuvika nyumba bila malipo, na tangu 1981 mwingine wa kusaidia kulipa bili za joto. Wapangaji pia huhudumiwa, mradi mwenye nyumba aridhie matengenezo. Mafundi hufunga feni kubwa mlangoni, huvuta hewa nje, kisha hupima nyumba inavuja kiasi gani. Foleni huwa ndefu, hivyo anayetaka kuhudumiwa kabla ya theluji aombe mapema, akiwa na bili zake za karibuni na vithibitisho vya kipato cha familia.