Kiraka Kinachodumu Kuliko Tundu

Fungua faili la CSS la tovuti iliyojengwa miaka ya 2000 na ambalo halijawahi kufanyiwa usafi, utakutana na mistari ya ajabu: nyota mbele ya neno html, zoom: 1, height: 1%. Aliyeiandika alishahama kazi zamani, na aliyeirithi anaogopa kuifuta. Ni viraka hivyo, na kila kimoja kiliziba tundu la kivinjari fulani. Lakini viliwezaje kukilenga kivinjari kimoja na kuviacha vingine?

Jibu limo katika uamuzi uliofanywa mapema sana. CSS, lugha inayoupa ukurasa wa wavuti rangi, herufi na mpangilio, ilipendekezwa Oktoba 1994 na Håkon Wium Lie, aliyekuwa akifanya kazi CERN. Bert Bos akaungana naye, na toleo la kwanza likaidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Desemba 1996. Humo iliwekwa kanuni kwamba kivinjari kikikuta agizo kisilolifahamu, kiliruke na kuendelea na linalofuata. Lugha nyingi za programu hugoma kosa linapotokea, CSS hunyamaza. Nia ilikuwa njema, maneno mapya yaongezwe bila kuviangusha vivinjari vya zamani. Ila kanuni hiyohiyo iliwapa wajanja mlango: ukijua kivinjari gani hakielewi nini, unaweza kukiambia jambo ambalo wenzake hawalisikii, au kinyume chake.

Mfano mashuhuri ni ugomvi wa kisanduku. Kila kitu kwenye ukurasa ni kisanduku chenye maudhui, nafasi ya ndani inayoyazunguka, kisha mpaka. Ukiandika kwamba upana ni pikseli 300, nafasi ya ndani 20 na mpaka 5 kila upande, kisanduku kizima kina upana gani? Fundi ujenzi huuliza swali hilo kila siku: chumba cha futi kumi, ndani kwa ndani au nje kwa nje? W3C ilisema ndani kwa ndani. 300 ni ya maudhui, ukijumlisha 40 na 10 unapata 350. Internet Explorer 5 ya Windows ikapima nje kwa nje: 300 ni jumla, maudhui yabaki na 250. Tofauti ya pikseli 50 ilitosha kuangusha safu ya kulia chini ya ile ya kushoto na kuvuruga ukurasa mzima.

Tiba iliyoenea ilitoka kwa Tantek Çelik, ambaye, cha kuchekesha, alikuwa akitengeneza Internet Explorer ya Macintosh ndani ya Microsoft yenyewe. Kwanza unaandika upana wa uongo, 350. Kisha unaweka voice-family, agizo linalohusu sauti ya ukurasa unaposomwa kwa mdomo, na thamani yake unaipa alama za nukuu zenye mabano ya kufungia katikati. Internet Explorer 5 ilidhani mabano yale ndiyo mwisho wa maagizo, ikaacha kusoma. Vivinjari vilivyojua kusoma nukuu viliendelea hadi mstari wa chini, vikakuta upana wa kweli, 300. Pande zote mbili zikaishia kwenye kisanduku cha 350. Ni uganga mtupu, lakini ulifanya kazi.

Toleo la 6 la Internet Explorer, lililotoka 2001, lilirekebisha hesabu hiyo kwa kurasa zenye tamko sahihi la doctype (mstari wa mwanzo unaotaja aina ya ukurasa), likaja na maradhi yake: kisanduku kilichoelea kushoto kikiwa na pambizo ya kushoto ya pikseli 20 kiliweza kuonyeshwa na 40. Dawa ilikuwa kuongeza display: inline, maneno ambayo kwa kitu kinachoelea hayapaswi kubadilisha chochote. Kwa hiyo hayakuvidhuru vivinjari vingine.

Baadaye wengi walikiri kwamba upimaji wa nje kwa nje ndio rahisi. CSS ikaongezewa box-sizing, na mwaka 2012 mtengenezaji wa tovuti Paul Irish akahimiza watu waweke border-box, yaani upimaji huo wa nje kwa nje, kwa kila kitu kwenye ukurasa. Leo mstari huo ni wa kawaida mno, na wengi wanaounakili hawajui kwamba wanairudisha hesabu iliyowahi kuitwa hitilafu.

Kwa maoni yangu, kiraka kisichoandikiwa sababu yake hakifai kuhifadhiwa. Andika kando yake kinatibu kivinjari gani, toleo gani, na dalili yake ni ipi. Juni 2022 Microsoft ilipositisha huduma kwa Internet Explorer 11 kwenye matoleo mengi ya Windows 10, wenye maelezo walijua cha kufuta. Wengine bado wanabeba zoom: 1 hadi kesho.

Viraka vipya navyo vinakuja. Kwenye simu, 100vh ilipaswa kuwa kimo cha skrini, lakini Safari ya iPhone ilikipima kana kwamba upau wa anwani umejificha, hivyo kitufe cha chini kabisa kikazama nyuma yake. Watu walihangaika kupima dirisha kwa JavaScript hadi kipimo cha dvh kilipoingia kwenye vivinjari vikubwa mwaka 2022. Sasa unaandika height: 100vh, na chini yake height: 100dvh. Simu ya zamani inauruka mstari wa pili, mpya inaufuata. Ni kanuni ileile ya 1996.

Na kuna viraka vilivyokaidi kufa. Maagizo ya majaribio ya Safari na Chrome yalianza na -webkit-, nayo yalinakiliwa kwa wingi bila maneno sawa ya vivinjari vingine. Tovuti zikaharibika kwingine, na lawama zikaviangukia vivinjari. Opera ikasalimu amri mwaka 2012, ikaanza kuitikia baadhi ya majina ya -webkit-. Firefox ikafuata mwaka 2016. Ndiyo maana mtu anayetaka kukata maelezo ya habari yaishie mstari wa tatu huandika -webkit-line-clamp: 3, na Firefox, ambayo haijawahi kutumia injini ya WebKit kwenye kompyuta, inalitii agizo hilo kwa jina hilohilo tangu 2019.